Mguu wa Mchezaji wa Noh

Hapo zamani, nchi ya Japani ilipokuwa na mabwana wengi kuliko wali wa kuwalisha, paliondokea mchonga picha mmoja, jina lake Mosuke, fukara wa kutupwa. Kazi yake ilikuwa kuchonga wachezaji wa Noh kwenye ubao, akaupaka ubao rangi, akaukandamizia karatasi, na picha ikatoka. Na Noh, jamani, ni mchezo wa vinyago wa taratibu mno. Mchezaji akiinua mguu, unaweza kwenda kupika wali ukarudi kabla hajautua.

Mtawala wa mji ule, Bwana Norimasa, aliupenda mchezo huo kupita kiasi, na kila ulipochezwa alilala fofofo toka mwanzo hadi mwisho. Akiamka husema, "Sikupitwa na hatua hata moja!" Waziri mmoja aliwahi kuropoka, "Lakini Bwana ulikoroma," na jioni ile ile akafungasha virago vyake. Basi ikawa hakuna tena aliyethubutu.

Siku moja mtawala akamwita Mosuke, akamtupia picha zake miguuni. "Hizi ni maiti! Mchezaji hasogei hata kidogo! Nakupa siku saba uniletee picha inayocheza. Ukishindwa, nitakukata vidole gumba vyote viwili."

Mosuke akaziokota picha zake, akatoka. Bila vidole gumba atashikaje patasi? Alilia siku mbili nzima, wala hakuona haya. Siku ya tatu akapangusa kamasi, akajifungia ndani, akachonga.

Siku ya saba, baada ya chakula cha mchana, akatandaza picha mbele ya mtawala na mawaziri wake. Mchezaji amesimama, nyayo zote mbili chini.

"Mbona haichezi?" akauliza mtawala.

"Inacheza, Bwana wangu. Ila hii ni Noh, haina papara. Mwenye macho makali kama Bwana ataona."

Mtawala akakodoa macho. Tumbo limejaa, ukumbi una joto. Haukupita muda, kidevu kikashuka kifuani na mkoromo ukaanza. Mosuke akachomoa karatasi nyingine ndani ya mkono wa joho lake, akaiweka mahali pa ile ya kwanza. Mawaziri walimwona waziwazi. Wakatazamana, wakakumbuka virago vya mwenzao, wakaanza kuhesabu boriti za dari.

Mtawala akazinduka. "Ala! Ameinua mguu!" Kisha akakunja uso. "Ewe laghai, umebadilisha karatasi!"

Mosuke akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka. "Mbele ya macho ya Bwana? Ningewezaje, labda Bwana angekuwa amelala."

Mtawala akawageukia mawaziri. "Je, nililala?"

"Hasha, Bwana!" wakajibu kwa pamoja. "Hata kope hukufumba!"

Mtawala akautazama ule mguu, akawatazama mawaziri, haya zikamshika, kisha kicheko kikamtoka, akacheka mpaka akashika mbavu. "Kitanzi nimejitia mwenyewe! Vidole vyako salama, Mosuke, na magunia kumi ya mchele juu yake. Lakini niambie, mguu huo utatua lini?"

"Utatua, Bwana," akasema Mosuke, akipapasa karatasi ya tatu ndani ya joho. "Bwana aendelee tu kutazama vile vile alivyokuwa akitazama."

Basi mtawala akaitisha mto, akajilaza hadharani, mbele ya wote. Alipoamka mguu ulikuwa umetua, nami hekaya yangu naitua papo hapo.