Tofali Chini ya Kitanda

"Ukiongeza tofali, mto huongeza maji." Nimewaona mkicheka mama yenu alipomrushia mjomba wenu neno hilo, na sasa mnaniuliza limetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianzia chini ya kitanda, wala msinitazame hivyo, mimi ni mtu mzima.

Kule Bondeni, kabla ya ile miti mnayoiona leo, walikaa Fundi Pazi na mkewe, Bi Kidawa. Fundi alikuwa mwashi, na nyumba yao aliijenga mwenyewe kuanzia msingi mpaka linta ya juu ya milango. Kila masika mto ulifurika ukaingia ndani bila hodi, na kila masika Fundi alikuwa na dawa ile ile. Aliinua kitanda, akaongeza tofali chini ya kila mguu, akapangusa mikono na kusema kazi imekwisha. Mwaka wa pili yake maji yaligusa godoro, naye akaongeza jingine. Ndiyo akili ya mwashi hiyo, kila ugonjwa kwake dawa ni tofali.

Kitanda kikapanda, kikapanda, mpaka Bi Kidawa akawa anakikwea kwa kigoda. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Mvua ikinyesha usiku hakupata usingizi, maana alijua maji yakija ghafla hataweza kushuka, na mumewe hana tena nguvu za kumbeba. Hofu hiyo aliimeza. Alimpenda yule mzee, na hakutaka kumvunja moyo mtu aliyemjengea nyumba.

Basi mwaka mmoja Manispaa ikatangaza kwamba itanunua nyumba za Bondeni kwa hiari, kwa bei ya haki, ili wenyewe wakajenge mlimani na bonde liachiwe maji. Fedha zilitoka kwenye ushuru wa soko na wa maegesho ya magari. Madiwani waliuongeza kidogo, na watu ambao mto haukuwahi kulowesha hata kizingiti chao wakakubali kulipa. Bondeni hakuna aliyeamini. Watu walizoea alama ya X nyekundu ukutani, kisha tingatinga asubuhi. Leo serikali inunue nyumba? Wakasema huo ni mtego.

Afisa aliyetumwa kwa Fundi alikuwa binti mmoja aitwaye Hosiana. Aliamkia, akaeleza jambo lake polepole. Fundi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwambia nyumba haiuzwi, mwaka huu ataongeza tofali tu. Hosiana akasema sawa, hiari ni hiari, akaaga.

Bi Kidawa alikuwa juu ya kitanda, anasikia yote. Aliona bahati yake inavuka kizingiti inaondoka.

"Mwanangu, ngoja kidogo," alisema. Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Zena, kwa nyumba hii nitakushukuru mpaka naingia kaburini. Lakini ukiongeza tofali, mto huongeza maji. Na mimi magoti yangu hayaongezeki."

Fundi akatazama kigoda, akatazama miguu ya mkewe inavyoning'inia. Miaka yote alikuwa akipima maji yamefika wapi ukutani. Magoti ya mkewe hakuyauliza hata siku moja.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, na wewe ulivyokuwa unaisifia kazi yako?"

Mzee wa watu akacheka huku machozi yanamtoka, akamwomba Hosiana arudi akae.

Walilipwa kama walivyoahidiwa, wakajenga mlimani. Masika yaliyofuata mto ulipita juu ya linta ya ile nyumba ya zamani, na ndani hapakuwa na mtu. Habari zilipowafikia asubuhi, Bi Kidawa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zote mbili ziko sakafuni. Alikuwa amelala usiku kucha, na mvua ile yote. Akasema alhamdulillahi, akainuka mwenyewe, akakoroga unga wa vitumbua. Sinia lilipojaa akalipeleka sokoni kwa wauza nyanya asiowajua hata mmoja.

"Kuleni, wanangu," akawaambia. "Ushuru wenu ndio ulionishusha kitandani."

Siku ile ile Mzee Chaurembo, jirani yao wa Bondeni aliyekataa kuuza, alipanda mlimani suruali imelowa mpaka kiunoni. Alikuja kumwomba Fundi yale matofali yaliyokuwa chini ya kitanda, maana Fundi hayahitaji tena.

Fundi alimpa kitumbua kwanza, akamngoja amalize. Kisha akamshika mkono, wakashika njia ya kwenda Manispaa.

"Matofali ninayo tele, ndugu yangu, na sikupi hata moja," alimwambia. "Mke wangu amenifundisha. Ukiongeza tofali, mto huongeza maji."