Mita Alizoongezewa Mzee Asajile

Mzee mmoja alikuwa na binti, na alikuwa na mfuko wa fimbo za gofu, na watu wa kijijini kwake hawakuwa na hakika kipi anakilinda zaidi. Jina lake Asajile Mwakipesile. Alikuwa msimamizi katika kiwanda cha chai mpaka alipostaafu, na gofu alijifunza palepale, kwenye kiwanja walichoacha wenye shamba wa zamani, mashimo tisa yaliyopita katikati ya michai. Binti yake ni Sekela, mwalimu wa watoto wadogo, mwenye maneno machache na macho ya kutosha.

Mzee huyu alikuwa na mtoto wa jicho, jicho la kulia. Hakumwambia mtu. Lakini tulijua tu, kwa sababu asubuhi moja alimvulia kofia ndama wa jirani akidhani ni mke wa mchungaji. Mikono nayo ilikuwa imechoka. Shimo la mwisho la kiwanja kile lina bwawa mbele yake, bwawa la maji ya kiwanda. Mzee alipokuwa na nguvu zake aliuvusha mpira juu kwa juu, na watu wakapiga makofi. Miaka ya karibuni aliacha. Akifika pale alichukua fimbo ndogo, akapiga kando kuelekea kwenye mikaratusi, akalizunguka bwawa taratibu, akafika kwenye bendera kama watu wengine. Hakuna aliyemcheka. Mwenyewe alikuwa ameridhika, na hilo mlishike, kwa maana ndilo aliloporwa.

Kijana mmoja wa Mbeya, fundi wa majokofu, jina lake Gwakisa, akatuma washenga kumposa Sekela. Hakuwa kijana mbaya. Ana kazi, hanywi, na kwenye msiba hukaa mpaka mwisho. Ila alikuwa mtu wa kutaka kila aliyeongea naye aondoke anatabasamu. Mzee aliwapokea washenga, akawapa ndizi na maziwa ya mgando, akawaambia hana neno nao. Kijana aje Jumamosi wacheze gofu, na kwenye shimo la mwisho atapewa jibu lake. Basi tangu siku hiyo hakuna jiko lililowashwa bila jambo hilo kuzungumzwa. Gwakisa alikuwa amejifunza gofu mwaka uleule. Wengine walisema anaupenda mchezo. Sisi tuliomwona akipiga mpira tulijua anampenda Sekela.

Sasa kijana huyu alikuwa na kifaa. Ni kitu kama darubini ndogo ya jicho moja, kinaenea kiganjani. Unakiweka jichoni, unakielekeza kwenye bendera, unabonyeza kitufe. Kinatoa mwanga wa leza ambao wewe huuoni, unakwenda, unagonga, unarudi, na mle ndani zinatokea tarakimu nyekundu kukuambia ni mita ngapi. Kikishaikamata bendera kinatetemeka mkononi kama simu iliyozimwa mlio. Hakina upendeleo. Ukikielekeza kwenye gari la meneja au kwenye ng'ombe wa mjane, kitakusomea umbali uliopo na hakitaongeza hata hatua moja.

Jumamosi ikafika, ukungu ukapanda, wakaanza. Mzee alipiga wa kwanza. Mpira ulikwenda chinichini, ukasimama kwenye majani. Wakaufuata. Mzee akasema, "Mkwe, hebu nitazamie. Nimefika wapi?" Alimwita mkwe kwa utani, na kijana moyo ukamruka. Akageuka nyuma, akakielekeza kifaa kwenye kibao cha pale walipoanzia, akabonyeza. Tarakimu zikasema mia na kumi.

Kwao mtu hamwambii mkwe wake neno la kumpunguza. Mbele ya baba wa mke unashusha sauti, unashusha macho, na kama ana chembe ya wali ndevuni wewe hujaiona. Gwakisa akadhani heshima hiyo inafika mpaka kwenye mita. Akasema, "Mia na arobaini, Mzee."

"Mia na arobaini!" Mzee akashika kiuno. "Na huo mgongo ulivyonisumbua usiku."

Wakaenda hivyo shimo baada ya shimo. Jichoni mwa Gwakisa kifaa kinasema vile kilivyoona, mdomoni mita zinatoka na nyongeza. Mzee akanyooka. Akavua sweta. Akaanza kusimulia mambo ya ujana wake, mengine hata mke wake hajapata kuyasikia, na ni heri. Wanawake waliokuwa wakichuma chai pembeni walimsikia huyu akiuliza na yule akijibu, na wao macho yao ni mazima, mpira walikuwa wanauona ulipoangukia. Mmoja akasema, "Huyo kijana anampima mzee au anampaka mafuta?" Mwenzake akamjibu, "Nyamaza wewe. Anaoa."

Walipofika kwenye shimo la mwisho, watu walikuwa wameshasogea. Wachuma chai walikuja mpaka ukingoni mwa michai na vikapu vyao mgongoni, kwa kisingizio cha kupumzika. Sekela alikuwa amekuja na chupa ya chai. Mzee akasimama mbele ya bwawa. Mkono wake ukaenda kwenye fimbo ndogo, kama siku zote. Kisha ukasita.

"Mkwe," akasema, "kutoka hapa mpaka ng'ambo ile, pale majani yanapoanza, ni kiasi gani?"

Gwakisa akapima. Safari hii hakuongeza wala hakupunguza. Akasema, "Mia na thelathini." Hiyo ndiyo kweli ya kwanza kumtoka tangu asubuhi, na ndiyo iliyomponza mzee. Maana mzee alihesabu moyoni, na hesabu yake haikuwa na kosa: anayefika mia na arobaini, mia na thelathini ni kitu gani kwake? Akaiacha fimbo ndogo mfukoni, akatoa kubwa.

Gwakisa alifungua mdomo. Tulimwona. Neno moja lilitosha, lakini neno hilo lisingeweza kutoka peke yake, lingeyavuta na yale mengine yote tangu shimo la kwanza. Akaufunga.

Mpira ukapaa vizuri, na kila mtu aliona unakokwenda isipokuwa aliyeupiga. Ukaingia majini. Mzee akasema ni upepo. Hapakuwa na upepo. Akaweka mwingine, nao ukaingia. Akaweka wa tatu, akajikaza kwa nguvu alizokuwa nazo na nyingine ambazo hakuwa nazo, mguu ukateleza, akaanguka kwa goti kwenye tope, mbele ya wachuma chai na mbele ya binti yake. Mpira ukaangukia katikati ya bwawa, kwenye kichaka cha matete.

Mzee alisema akiwa bado amepiga goti, na hakuwa anasema na mtu: "Shimo la nane nilikuwa kijana. Nimezeeka njiani hapa?"

Sekela akaweka chupa chini. Akamwinua baba yake, akamfuta goti kwa upindo wa kanga. Kisha akamwendea Gwakisa, akanyoosha mkono, na kijana akakiachia kile kifaa polepole kama mtu anayenyang'anywa. Sekela akakiweka jichoni. Akapima ng'ambo. Akapima yale matete.

"Baba," akasema, "ng'ambo ni mia na thelathini kweli. Lakini matete yale ni mia na nane. Na huo ndio mpira uliopiga kwa nguvu zako zote."

Watu wote wakamgeukia Gwakisa. Angeweza kusema kifaa kimeharibika. Wachuma chai wawili watatu walikuwa tayari kumsaidia kusema hivyo, kwa sababu walikuwa wameshashona nguo za harusi. Hakusema. Akatazama chini. "Nilikuwa nakuongezea, Mzee. Kwa heshima."

Mzee akamtazama kwa lile jicho zima. "Ningekuuliza unaniheshimu kiasi gani," akasema, "ungeongeza upendavyo. Mimi nilikuuliza umbali."

Akanywa chai yake, akairudishia chupa kifuniko. Halafu akatoa jibu, maana alikuwa ameahidi. Alisema jibu lake lilikuwa ndiyo tangu washenga walipokuwa wakinywa maziwa, na gofu aliitaka tu ili atembee kidogo na kijana wake. Na ni kweli. Mama Sekela alikuwa ameshawaambia wanakwaya Alhamisi, na wanakwaya hawana siri. Kijiji kizima kilijua. Aliyekuwa hajui ni mwenyewe mposaji, na kwa kutokujua kwake alikaa asubuhi nzima akidanganya ili apewe kitu alichokwisha kupewa.

"Kwangu mimi ni ndiyo," mzee akasema. "Sasa muulize mwenye maisha yake."

Sekela alikuwa bado ameshika kifaa. Hakumnyooshea kidole. Alimuuliza kama anavyowauliza watoto wa darasani nani kala chaki. "Nyumba ya Mbeya, uliyoniambia imebaki kupauliwa. Imebaki kupauliwa?"

Gwakisa akasema, "Imefika kwenye madirisha."

"Madirisha."

"Chini kidogo ya madirisha."

"Gwakisa."

"Ni msingi."

Sekela akasubiri. Wachuma chai nao wakasubiri, na mmoja aliyetaka kukohoa alijizuia. Kijana akainua macho, akamtazama Sekela, na hakuna aliyekuwa amemuuliza tena aliposema, "Ni mawe, Sekela. Lori moja la mawe, na mchanga ambao mvua imeupunguza."

Wanawake wakashindwa, wakacheka. Mzee naye akacheka mpaka akashika goti lake lenye tope. Sekela peke yake hakucheka. Alimrudishia Gwakisa kifaa chake, akamwambia, "Mawe nitakuja kuyaona. Hilo ndilo la kwanza uliloniambia ambalo nikienda nitalikuta." Akachukua chupa yake ya chai, akaenda zake, na mtu hakujua kama kijana ameoa au ameachwa.

Yeye mzee akatoa fimbo ndogo. Akauliza, "Kutoka hapa mpaka kwenye ule mkaratusi wa kwanza?" Gwakisa akapima, sauti ikitetemeka kuliko kifaa, akasema, "Sitini, Mzee. Na usipige kwa nguvu, mguu wako bado una tope." Mzee akapiga kando, wakazunguka bwawa pamoja, mmoja akiangalia na mwingine akiuliza. Walichelewa sana kufika kwenye bendera.

Ndoa ilifungwa, msije mkakosa usingizi. Ila ilingoja kuta zisimame, na Sekela hakutaka kutumiwa picha. Alipanda gari akaenda kuziona, akazigusa kwa mkono, ndipo akarudi kumwambia mama yake apike pombe ya harusi.

Sasa nyie mnaonisikiliza, msiniulize kifaa ni nini, kila mmoja wenu anacho ndani yake, na kinasoma vizuri tu mpaka maneno yafike mdomoni. Bwawa nalo kila mtu ana lake mbele yake, na hatapelekwa ng'ambo kwa mita za kuongezewa. Basi mwenzako anayekwenda kusimama mbele ya bwawa lake akigeuka na kukuuliza amefika wapi, utamsomea tarakimu ulizoziona, au utamsomea zile zitakazomfanya akupende mpaka mpira uguse maji?