Redio ya Mzee Mbonea

Kisichofunguka kwako si chako. Ndivyo alivyosema mama yenu asubuhi, alipoambiwa dukani kuwa simu yake iliyoharibika haruhusiwi kuifungua aitengeneze, nanyi mmeniuliza maneno hayo yametoka wapi. Sogeeni basi, wajukuu zangu. Methali hii ilianza hivi.

Hapa kwetu Ugweno aliishi mhunzi aliyeitwa Mbonea. Uzeeni macho yake yalizimika. Akaacha kufua majembe, akawa anashinda amekaa tu, hata maneno yakampungua. Mkewe Naetwe aliumia kumwona hivyo. Akauza ndizi zake msimu mzima, akamnunulia redio.

Nyumba ikachangamka! Mbonea alicheka, akaimba, akabishana na msomaji wa habari kana kwamba wameketi pamoja.

Lakini Kitwana, mwenye duka mjini, alikuwa amebandika lakiri nyekundu, muhuri wa kufunga mfuniko, nyuma ya kila redio. "Fundi wangu peke yake ndiye anayefungua," alisema. "Ukiibandua hii, redio ikiharibika usiniletee."

Redio ikanyamaza. Naetwe akateremka nayo mlimani mpaka mjini. Ikatengenezwa, ikanyamaza tena. Safari ya pili Kitwana alikaa nayo mpaka maharage yakavunwa, na muda wote huo Mbonea alikuwa kimya kama zamani. Ilirudi, na haikupita wiki ikazimika.

"Baba Elisante," Naetwe akamwambia mumewe, "leo siendi mjini. Tutaifungua wenyewe."

"Tukiiharibu je? Kitwana hataigusa tena."

"Kwani sasa inakusemesha?"

Mbonea akatabasamu, akaomba kisu. Lakiri ikabanduka, mfuniko ukatoka. Naetwe akainama kutazama.

"Kuna waya mwekundu unaning'inia."

"Nishike mkono, unipeleke ulipo."

Akamwongoza kidole. Mzee akapapasa taratibu, akatambua mahali waya ulipochomoka, akauzungusha na kuukaza. Redio ikakohoa, kisha kwaya ikapasua chumba kizima. Naetwe akalia. Mbonea akabaki akivigusagusa vidole vyake. "Kumbe mikono yangu bado ipo," akasema.

Habari zikamfikia Kitwana. Siku ya gulio akapanda hadi kwao, majirani wakamfuata.

"Nani kawaruhusu kuifungua?" akafoka. "Redio hii naondoka nayo!"

"Karibu ukae, mwanangu," Mbonea akamjibu. "Nimefua majembe maisha yangu yote. Uliwahi kusikia nimemfuata mkulima shambani kumkataza asibadilishe mpini?"

"Jembe si redio, mzee."

"Kweli, si redio. Lakini hebu niambie, mke wangu aliinunua au aliiazima?"

Kitwana akawatazama majirani. "Aliinunua," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi ni yake, na ana haki ya kuifungua. Maana kisichofunguka kwako si chako. Ni cha yule mwenye ruhusa ya kukifungua, wewe unamtunzia tu."

Watu wakaguna kukubali. Tangu hapo hakuna aliyenunua redio ya Kitwana bila kuibandua lakiri palepale mbele yake, mpaka mwenyewe akaacha kuzibandika. Na zilipoharibika, watu walizipeleka kwa Mbonea. Naetwe aliketi ubavuni pake akimwambia waya ulipochomoka, naye akitengeneza, huku wakitaniana kama wachumba.

Kwa hiyo mama yenu hakuwa akigombana na mtu. Alikuwa akiuliza simu aliyoilipia ni ya nani. Kisichofunguka kwako, wajukuu zangu, si chako.