Baragumu la Sehaba na Shamba la Mwisho

Waliokuwepo ukingoni mwa shamba asubuhi ile ni hawa. Alikuwepo Jumbe Mbelwa bin Sekwao, mwenye amri juu ya kijiji chote cha Kwambaru. Alikuwepo Kilua, mpwa wake, aliyembebea kiti. Alikuwepo Mzee Sehaba bin Mnkande, mkuu wa nyavu, baragumu lake la pembe ya tandala likining'inia kifuani. Walikuwepo wanaume wa msako, kila mmoja na wavu begani. Alikuwepo mbwa wa Sehaba, jina lake Waache Waseme. Na mbele ya wote, mahindi yakiwa nyuma yake, alisimama mwenye shamba, Somoe binti Sempeho, mjane wa Kibindo.

Kwambaru walikuwa na desturi yao. Mashamba yakivunwa moja baada ya jingine, pongo waliojificha humo husogea na kusogea, mpaka wote wamebanana katika shamba la mwisho lililobaki limesimama. Hapo ndipo watu hufunga nyavu kulizunguka. Lakini hatii mtu mguu ndani mpaka mahindi yamekauka, na mwenye shamba amekata bua la kwanza kwa mkono wake akampa mkuu wa nyavu. Kisha wote huvuna pamoja, na pongo hutoka wenyewe mbele ya wavunaji. Paja la kwanza ni la mwenye shamba.

Mwaka ule shamba la mwisho lilikuwa la Somoe. Alichelewa kupanda kwa sababu alikuwa akimuuguza mumewe. Wenzake walikuwa wamekwisha kujaza maghala, na punje zake bado zilikuwa maziwa.

"Binti Sempeho, toka njiani," alisema Jumbe. "Mkwe wangu anafika Ijumaa, nami nimekwisha kumwahidi nyama ya pongo."

"Mahindi hayajakomaa, Jumbe."

"Sikuulizi habari za mahindi. Nakwambia habari za nyama."

"Watu wote hawa wakipita humo na mbwa, mimi na wanangu tutakula nini mpaka masika?"

"Mtakula pongo."

Kilua akacheka peke yake.

"Mwaka jana shamba la mwisho lilikuwa lako," alisema Somoe. "Tulisubiri likauke mpaka kunguru wakachoka kututazama. Siku zile hukutuambia habari za nyama."

Wanaume wakaangalia vidole vya miguu yao. Neno lilikuwa la kweli, lakini mgawaji wa ardhi ni Jumbe, na kila mmoja wao alikuwa na shamba la kuogopea.

Somoe akamgeukia Sehaba. Mzee akasema polepole, "Jumbe, mabua mabichi hayasemi. Makavu hulia mnyama akipita, tukajua alipo. Humo sasa mtu atamchoma mwenzake mkuki."

"Umezeeka, Sehaba. Siku hizi unaogopa pongo?"

"Pongo simwogopi," alijibu Sehaba, wala hakutaja ni nani mwingine asiyemwogopa.

"Basi piga baragumu! Ni amri. Usipopiga, kesho huna cheo wala shamba."

Sehaba akalivua baragumu shingoni. Somoe alipoona linapanda kuelekea mdomoni, alirudi nyuma hatua moja. Akakamata mabua kwa mikono yote miwili. "Basi nikanyagwe mimi kwanza!" alisema.

Baragumu la Kwambaru lilikuwa na ishara mbili, na hata watoto walizijua. Milio mitatu mifupi ni kuingia. Mlio mmoja mrefu ni msako umekwisha, kunjeni nyavu, nendeni nyumbani.

Sehaba akajaza kifua, akapiga mmoja mrefu.

Kisha mtu wa kwanza akaanza kukunja wavu wake. Akafuata wa pili. Waache Waseme akatikisa mkia, akashika njia ya nyumbani.

"Nini hiki?" alifoka Jumbe.

"Uliniamuru nipige, Jumbe. Nimepiga."

"Rudini! Rudini nyote!"

"Baragumu limesema, Jumbe," alijibu mmoja bila kugeuka. "Sisi tunafuata baragumu."

Jumbe alimnyang'anya Sehaba baragumu, akamkabidhi Kilua. Jioni ileile shamba la mzee lilipewa mtu mwingine. Lakini bila watu wa nyavu hakuna msako, na Ijumaa mkwe wa Jumbe alikula kunde.

Mahindi ya Somoe yakakomaa, yakakauka. Siku ya msako watu walikusanyika palepale, isipokuwa Sehaba, aliyekuwa amelala kwake, kifua kinamsumbua. Kilua akapiga milio mitatu mifupi. Hakuna mguu ulioinuka. Akapiga tena, na tena, mpaka midomo ikamvimba. Watu walikuwa wakimtazama Somoe.

Somoe akakata bua la kwanza. Kwa kuwa wa kumpa hakuwepo, alilichomeka ardhini mahali Sehaba alipozoea kusimama.

"Ingieni, kaka zangu," alisema.

Wakaingia. Mabua yalilia, pongo wakatoka, nyavu zikajaa, na magunia ya Somoe pia yakajaa. Jumbe alikaa kitini mwake mpaka mwisho, na hakuna aliyemuuliza neno.

Somoe alipopewa paja lake hakwenda nalo nyumbani. Alilitia kwenye ungo, akalichukua na lile bua la kwanza, akaenda moja kwa moja kwa Sehaba. Aliwakuta wanawake wameketi mikekani uani, na Waache Waseme amelala mlangoni.

Mzee Sehaba bin Mnkande alikuwa amefariki asubuhi.

Funzo: Mwenye amri anaweza kukulazimisha upige baragumu, lakini hawezi kukuchagulia mlio.