Mwalimu Pimbi na Homa ya Madoa

Haya, paukwa!

Pakawa!

Mlioko nyuma sijawasikia, au mmeshasinzia? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Paliondokea mwalimu mmoja, Pimbi, mdogo wa umbo, shule yake iko kwenye mawemawe. Na paliondokea afisa elimu wa wilaya nzima ya porini, Fisi, mkubwa wa tumbo.

Fisi alipenda kazi moja tu, kukagua uji. Kila siku wanafunzi wakishakunywa, yeye huyo, kichwa ndani ya chungu, kwaru, kwaru, kwaru, anakomba mpaka ukoko.

Siku moja ikaingia homa ngeni. Mtoto anaanza na kikohozi, kho, kho, kho, kesho yake mwili mzima madoa. Pimbi akamfuata Fisi pale chunguni.

"Mheshimiwa, watoto watatu wanaumwa. Tufunge shule."

"Ni joto tu, Mwalimu," akasema Fisi, kwaru, kwaru. Shule ikifungwa, uji utapikwa wapi? "Andika barua."

Pimbi akaandika barua. Akagonga mhuri, pwa! Akampa Kobe, karani wa wilaya, maana barua ya serikali haina njia nyingine. Kobe akaondoka nayo, tii, tii, tii.

Watoto wakawa saba. Pimbi akamfuata Fisi pale chunguni.

"Mheshimiwa, wamekuwa saba. Tufunge shule."

"Ni joto tu, Mwalimu. Na barua yako haijanifikia."

Sasa, shuleni hapo alikuwapo Tunu, binti Digidigi. Tunu hajawahi kukosa shule hata siku moja, na kila Ijumaa Pimbi alimsimamisha mstarini apigiwe makofi. Asubuhi hiyo alikuja anakohoa, macho mekundu.

"Mwalimu, nimrudishe nyumbani?" akauliza mama yake.

Pimbi alimtazama mtoto, na moyo ukamwambia arudi. Lakini shule haijafungwa, na barua iko njiani.

"Mwache tu, mama. Tunasubiri majibu."

Siku ya tatu Tunu akafariki.

Pimbi alilia mpaka machozi yakamkauka. Kisha akaenda kwake, akang'oa kioo ukutani, akakiegemeza jikoni pa shule, karibu na chungu. Fisi akaja, kwaru, kwaru.

"Mheshimiwa, samahani. Hayo madoa yameanza lini?"

"Madoa gani?"

"Hayo ya ubavuni."

Fisi akajitazama kiooni. Madoa shingoni, madoa ubavuni, madoa mpaka mapajani. Ni madoa aliyozaliwa nayo, na mama yake alikuwa nayo, ila Fisi tangu utoto wake alikuwa akitazama chakula tu. Uji ukampalia. Kho, kho, kho!

"Mwalimu, na kikohozi nacho," akasema.

"Pengine ni joto tu," akasema Pimbi. "Niandike barua?"

"Barua ya nini? Funga shule. Funga zote, leo hii."

Mhuri akagonga mwenyewe, pwa, pwa, pwa, shule zote za wilaya, kisha akatimka kwenda kujifungia pangoni.

Watoto wakakaa makwao, homa ikaishiwa nguvu, wagonjwa wakapona. Wazazi wakamwinua Pimbi juu juu. "Mwalimu una akili wewe!" Pimbi hakucheka. Kioo kile kilikuwa ukutani kwake tangu siku ya kwanza, na akili hiyo hiyo alikuwa nayo, akaitumia kuandika barua. Alijuta, jamani, alijuta sana.

Mama Tunu naye alikuja. Akampa mkono.

"Asante, Mwalimu. Wenzake wamepona."

Pimbi alitamani angemtukana.

Basi funzo lake, wanangu, ni hili: mkubwa akisema ni joto, ni joto. Andikeni barua, gongeni mhuri, tulieni. Wakubwa hawachelewi.

Hadithi imeishia hapo. Penye utamu gawaneni nyote, penye uchungu niachieni mimi.