Jembe Mlangoni pa Machano

Paukwa, wanangu. Mbona mnaitika kwa uchovu? Hata mimi nimechoka. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya, sogeeni. Zamani sana, kabla bibi yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chenye desturi yake. Mtu akishukiwa, aliwekewa jembe mlangoni. Akiliokota, amekiri, atamlimia aliyemkosea, yaishe. Akiliacha mpaka jua lizame, atahukumiwa barazani. Akishindwa huko, anahama kijiji.

Mpeleka majembe alikuwa Bibi Mwatime. Mzee, magoti yanamuuma. Ko, ko, ko, fimbo yake njiani.

Siku moja mbuzi wa Machano walimaliza mtama wa mjane, Bi Riziki. Jumbe, mkuu wa kijiji, akasema, "Alime msimu mzima." Bibi akapeleka jembe. Ko, ko, ko.

Machano akalitazama. Hakuliokota.

"Mwanangu, mbuzi si wako?"

"Wangu, Bibi. Nilisinzia, wakaingia shambani."

"Basi okota. Una watoto. Utawapeleka wapi?"

"Mwaka jana mbuzi wa Faki walikula shamba hilohilo. Akalima asubuhi moja tu, kwa kuwa ameoa kwa Jumbe. Nitahama, Bibi. Jembe hilo silishiki."

Ndani, mkewe alikuwa akikunja mikeka, analia taratibu.

Bibi akarudi kwa Jumbe. Ko, ko, ko.

"Amekataa? Mjinga huyo," Jumbe akacheka. "Anapewa nafuu, anataka balaa."

"Si mjinga. Anaona ameonewa. Faki naye alime msimu mzima."

"La Faki lilikwisha."

"Kwako lilikwisha. Bi Riziki bado ana njaa ya mwaka jana. Tafuta miguu mingine ya kupeleka majembe. Yangu haiendi tena."

Akaketi kizingitini. Kumruka mzee ni kumvunjia heshima, basi Jumbe akakwama ndani. Jua likashuka. Likashuka. Mwishowe akashusha pumzi.

"Mpelekee Faki jembe."

Bibi akainuka kwa shida. Akapita kwa Faki, kisha kwa Machano. Machano akachungulia, akamwona Faki njiani, jembe begani, amenuna. Akainama, akaokota lake.

"Mngefanya hivi tangu asubuhi, Bibi."

"Nami ningelala mchana," akajibu Bibi.

Wanangu, mtu huikubali adhabu nzito akiona mwenzake amebebeshwa sawa naye. Akiona upendeleo, huikataa hata iliyo nafuu, akajiumiza mwenyewe.

Hadithi yangu naitua hapa.