Bibi Mwanamvua na Bonde Lililokufa Mara Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti zimelegea? Basi acheni zilegee, maana ninayowasimulia leo si ya kuchekea.

Zamani sana, palikuwa na kijiji kilichokula kutoka bonde moja. Bonde lilikatwa vipande, kila nyumba na kipande chake. Hapa mchicha, pale bamia, kule nyanya chungu. Na hakuna aliyetia mbegu ardhini kabla Bibi Mwanamvua hajasema. Alikuwa mzee kuliko wote. Alinusa hewa, akafinyanga udongo mkononi, akasema, "Pandeni." Watu wakapanda. Miaka na miaka hakukosea.

Mwaka mmoja akasema, "Pandeni." Wakapanda. Mvua ikanyesha siku tatu, ndo ndo ndo, kisha kimya. Jua likawaka. Miche ikanyauka, ikalala, ikafa.

Watu wakamwendea. "Bibi, tufanye nini?"

"Pandeni tena. Mvua inarudi."

Ikarudi kweli. Chururu, chururu, siku saba haikukatika! Mto ukafurika, ukaingia bondeni, ukazoa matuta na mbegu zake. Maji yalipoondoka, lilibaki tope tupu, kama mahali pasipowahi kulimwa.

Njaa ikaingia. Watu wakachemsha majani ya porini. Sikuzani, mjane aliyelima kipande jirani na cha Bibi, alikuwa na mtoto mmoja tu wa kike, ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Mtoto akaacha kutembea. Akaacha kulia. Asubuhi moja akaacha kupumua.

Wakamzika. Hakuna aliyemlaumu Bibi kwa mdomo, lakini hakuna aliyemwendea tena. Akipita, mazungumzo yanakatika. Bibi akajifungia ndani. Siku ya kwanza, hakuwasha moto. Siku ya pili, hakuwasha moto. Siku ya tatu, hakuwasha moto.

Siku ya nne akatoka na jembe, akaenda akapiga magoti mlangoni kwa Sikuzani.

"Hodi, mwanangu."

Sikuzani akampa mgongo.

"Niliwaambia mpande mara mbili, na mara mbili nikakosea. Mwanao amekufa kwa maneno yangu."

Sikuzani akajibu bila kugeuka, "Unataka nikwambie nini, Bibi? Kwamba yamepita? Hayajapita."

"Usiniambie kitu. Nipe ruhusa tu nilime kipande chako."

"Lima. Mimi sina wa kumlimia."

Bibi akashuka bondeni. Pu! Pu! Tope lilikuwa limekauka likawa gumu kama kigae. Akainua matuta, marefu kwenda juu kuliko ya zamani. Pu! Pu! Akachimba mfereji wa kutolea maji. Viganja vikachubuka, damu ikashika mpini.

Mzee Makame, mwenye kipande cha juu, akashindwa kuendelea kutazama. Akamfuata, akamuuliza, "Bibi, safari hii tupande lini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui tena, Makame. Leo napanda mbegu kidogo. Wiki ijayo kidogo. Wiki nyingine kidogo. Hizi zikifa, labda zile zitapona."

Makame akaondoka ameinamisha kichwa. Lakini na yeye akafanya vivyo hivyo, na wengine wakaiga.

Za kwanza zikaota, viwavi wakaja, kru kru kru, wakamaliza. Za pili zikaoza ardhini. Bibi akakaa juu ya tuta akalia kwa sauti, mchana kweupe, watu wakimwona. Kisha akainuka, akapanda za tatu.

Za tatu zikaota. Mchicha, mwembamba, wa rangi iliyofifia. Bibi akachuma fungu la kwanza, akaliweka mlangoni kwa Sikuzani, akaenda zake.

Sikuzani akaupika. Akala peke yake.

Kesho yake akashuka bondeni na jembe lake. Wakalima bega kwa bega misimu miwili, hawakusemezana. Bibi alipokufa, Sikuzani ndiye aliyemwosha. Kama alimsamehe, hakusema, na hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Basi wasikilizaji wangu, ukiwakosea watu usijifungie ndani. Rudi palepale ulipokosea ufanye kazi, hata kama hutasamehewa. Na mbegu zenu msizimwage zote siku moja.

Nami nimefika mwisho wa hadithi yangu. Mwenye machozi ayafute, tuinuke.